Lilium: feni 36, hela za kumwaga, na ndege ambayo haikuwahi kubeba mtu

Ukimuuliza mtu anayefuatilia mambo ya ndege za umeme kwamba Lilium, ile kampuni ya Ujerumani iliyokuwa inatengeneza ndege ya umeme ya kupaa wima, ilikufa kwa nini, wengi watakujibu serikali ya Ujerumani iliwanyima euro milioni 50. Jibu hilo lina ukweli kidogo, maana tarehe zinalingana kabisa, walinyimwa na siku chache baadaye wakaenda mahakamani kuomba ufilisi. Ila mimi naona hiyo milioni 50 ilikuwa tone la mwisho tu, ndoo yenyewe ilishajaa zamani, na ilianza kujaa pale vijana wa watu walipoamua kwamba ndege yao itajiinua kwa feni ndogo ndogo nyingi badala ya pangaboi chache kubwa. Uamuzi mmoja wa kiufundi, mwanzoni kabisa, halafu kila kitu kilichofuata (betri, uzito, miaka, hela) kikawa kinalipia uamuzi huo. Twende taratibu.

Lilium ilianzishwa 2015 na vijana wanne wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich: Daniel Wiegand, Sebastian Born, Matthias Meiner na Patrick Nathen. Wiegand ndo alikuwa sura ya kampuni, ndo aliyekuwa anasimama mbele ya kamera. Baadaye makao yakawa Oberpfaffenhofen, nje kidogo ya Munich, sehemu ambayo kwa mtu wa ndege sio pori, Dornier, watengenezaji wa ndege, walikuwa na kiwanda pale na taasisi ya anga ya Ujerumani, DLR, ipo pale pale. Yani sio vijana waliokurupuka kwenye gereji, walizungukwa na watu wanaojua ndege.

Wazo lao lilikuwa zuri sana kulisikia. Ndege ya umeme inayopaa wima kama helikopta, ikifika juu inageuka inaruka na mabawa kama ndege ya kawaida, kimya, haina moshi, mwendo wa kilomita 300 kwa saa na umbali wa kilomita 300. Abiria anaita kwa simu kama anavyoita Uber. Munich mpaka mji wa jirani dakika chache. Na muonekano wake, kiukweli, hakuna eVTOL (ndo jina la ndege za umeme zinazopaa wima) nyingine iliyokuwa nzuri kuitazama kama ile. Haina mkia. Haina pangaboi hata moja unayoiona kwa nje. Ina bawa kubwa nyuma na bawa dogo mbele, na kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa hayo zimepangwa feni za umeme kila moja ndani ya bomba lake, jumla 36. Ikitaka kupaa zile feni zinainama kupuliza chini, ikishapaa zinanyanyuka taratibu mpaka zinapuliza nyuma. Basi. Hakuna gia, hakuna usukani wa mkia, unaiongoza kwa kubadilisha kasi na pembe ya feni.

Na kuna sababu za maana za kuchagua hivyo, nisije nikaonekana nawadharau. Feni ndogo ndani ya bomba unaweza kuipunguzia kelele kwa kutandika vifyonza sauti kwenye bomba, na kelele ndo kitu cha kwanza kitakachofanya wakazi wa mjini wakatae ndege zisitue juu ya nyumba zao. Feni zikiwa 36, moja ikifa hakuna anayestuka. Na ikiwa safarini hakuna mapangaboi makubwa yanayokaa tu kwenye upepo yanavuta ndege nyuma, kwa hiyo ikiruka mlalo inakula umeme kidogo sana. Lilium wenyewe walikuwa wanasema safarini inatumia chini ya asilimia 10 ya nguvu ya juu kabisa inayotumika kupaa. Hiyo sentensi ilikuwa kwenye matangazo yao kama sifa. Sasa isome kinyume: kama safarini ni moja ya kumi, basi kupaa na kutua ni mara kumi ya safari. Hapo ndo pa kukaa.

Fizikia yake haina ugumu. Kitu kinachoelea hewani kinaelea kwa kusukuma hewa chini. Unaweza kusukuma hewa nyingi polepole, au hewa kidogo kwa kasi kubwa, msukumo unaweza kuwa ule ule, ila gharama haiwi ile ile, kwa sababu nishati unayoipa kila kilo ya hewa inapanda kwa kasi yake ikizidishwa kwa yenyewe. Ndo maana helikopta ina pangaboi refu vile, inakamata eneo kubwa la hewa na kulisukuma taratibu. Chukua Robinson R44, ambayo huku kwetu tunaiona ikibeba watalii na wanasiasa. Uzito wake wa juu ni kilo 1,134, pangaboi lake kuu lina kipenyo cha mita 10, na inapaa kwa injini ya farasi 245, ambayo ni kama kilowati 180. Piga hesabu, ni wati 160 hivi kwa kila kilo.

Njoo kwa Lilium ya viti saba, ile waliyoipeleka kwa wawekezaji. Uzito kilo 3,175. Ukijumlisha midomo ya feni zote 36, kila moja kipenyo chini ya nusu mita, unapata eneo la mita za mraba chache tu za kupitishia hewa, wakati R44 peke yake ina karibu mita za mraba 80. Ukiweka kwenye kanuni unakuta kuelea kunataka zaidi ya megawati 2. Hiyo ni zaidi ya wati 600 kwa kilo, mara nne ya helikopta ndogo. Na sio kwamba mainjinia wao hawakujua, Nathen aliandika hadi karatasi ya kitaalamu akaeleza hesabu zao hadharani, jambo ambalo kampuni nyingi za aina hii haziwezi kulifanya. Hoja yao ilikuwa: sawa, kuelea kunakula sana, ila tunaelea sekunde chache tu, kupaa na kutua, halafu kilichobaki ni safari ya bei rahisi.

Na ukitazama umeme kwa jumla wana haki. Megawati 2 kwa sekunde 30 ni kama yuniti 17 za Luku, yani karibu robo ya zile yuniti 75 za mwezi ambazo mtumiaji mdogo wa TANESCO anatakiwa asizizidi. Nyingi kwa nusu dakika, lakini sio nyingi kwa betri ya ndege. Shida haipo kwenye wingi wa umeme, ipo kwenye kasi ya kuutoa, na shida kubwa zaidi ni lini unautoa. Kupaa unapaa betri imejaa, haina neno. Kutua unatua betri ikiwa inakaribia kuisha. Sasa betri ya lithiamu ikishuka chaji volteji inashuka, na wewe unataka nguvu ile ile ya megawati 2, kwa hiyo lazima uvute ampia nyingi zaidi, joto linapanda, na ndani kuna watu saba wapo mita 20 juu ya lami. Huwezi kutua nusu nusu. Na lazima ubaki na akiba ya kama ukakuta kiwanja kimezibwa uelekee kingine, halafu ukifika huko utake tena megawati zile zile. Na betri ya miaka miwili, ambayo imeshachoka, nayo iweze.

Kwa hiyo Lilium hawakuhitaji betri ya kawaida, walihitaji seli ambazo zinabeba umeme mwingi kwa kilo NA zinatoa nguvu kubwa zikiwa karibu tupu. Hivyo vitu viwili vinapingana, seli nzuri kwa kimoja mara nyingi ni mbaya kwa kingine. Wakaenda kwa Ionblox ya Marekani, seli zenye anodi ya silikoni, na utengenezaji ukapewa CustomCells ya Ujerumani. Yani startapu inayotegemea seli ya startapu nyingine inayotengenezwa na kampuni changa ya tatu. Kila mmoja akichelewa na wewe umechelewa. Linganisha na Joby wa California, wanaotengeneza ndege za aina hii hii, ambao wana pangaboi sita kubwa, kila moja kipenyo cha karibu mita 3, eneo lao la hewa ni zaidi ya mara kumi la Lilium. Kelele wakapambana nayo kwa kuzungusha pangaboi polepole. Nguvu ya kuelea wanayohitaji ni ndogo sana ukilinganisha, na betri zao hazikuhitaji muujiza.

Tuje kwenye stori yenyewe sasa.

Aprili 2017 wanarusha prototaipu ya viti viwili, Eagle, haina mtu ndani, kwenye kiwanja cha Mindelheim. Video ikazunguka dunia nzima. Septemba mwaka ule ule wanapata dola milioni 90, Tencent ya China akiwa ndani, pamoja na Atomico wa Niklas Zennström aliyeanzisha Skype. Mei 2019 wanarusha ya viti tano, kwa rimoti, inainuka, inaelea, inashuka. Kuanzia hapo ndo ukaanza ule mchezo ambao wote tunaujua, wa "mwaka kesho kutwa". 2024 tutabeba abiria. Halafu 2025. Halafu 2026. Na umbali nao ukawa unapungua kila tarehe ikisogea: kilomita 300, halafu 250, mwishoni walikuwa wanaongelea 175 kwa toleo la kwanza. Ukijua ile hesabu ya juu hushangai hata kidogo, maana akiba ya kutua inakula chaji ambayo ungeitumia kusafiria. Feni zenyewe zikapunguzwa kutoka 36 zikawa 30.

Januari 2020 jarida la anga la Ujerumani, aerokurier, likaja na uchambuzi wa wataalamu kwamba zile ahadi haziwezekani kwa betri zilizopo. Lilium wakakataa, wakasema hesabu zimetumia takwimu zisizo zao. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Februari, prototaipu ikashika moto ikiwa kwenye matengenezo, ikateketea. Hapo ungetegemea wawekezaji wakimbie. Wapi! Machi 2020, dunia inajifungia ndani kwa corona, wao wanatangaza dola milioni 240 zaidi. Miezi michache mbele Baillie Gifford, kampuni ya uwekezaji ya Scotland, nao wanaweka milioni 35.

Halafu ikaja 2021, mwaka wa SPAC. Kwa ambaye haijui, SPAC ni kampuni tupu inayoandikishwa kwenye soko la hisa ikiwa na hela tu, haina biashara, halafu inatafuta kampuni halisi ya kuungana nayo, kwa hiyo ile halisi inajikuta sokoni bila kupitia mlolongo mzima wa kawaida. Lilium wakaungana na Qell, ya Barry Engle aliyewahi kuwa mkubwa General Motors. Thamani ya kampuni ikatajwa dola bilioni 3.3, mapato sifuri, ndege iliyothibitishwa sifuri. Walitarajia kukusanya dola milioni 830. Septemba 2021 walipoingia Nasdaq wakakuta zimepatikana 584, kwa sababu wenye hisa wengi wa Qell walichukua chao wakaondoka, haki ambayo SPAC inawapa.

Hiyo tofauti, milioni 246, watu huwa wanaipita haraka. Mimi naona ndo tukio kubwa kuliko hata lile la serikali kuwanyima milioni 50. Kwa nini? Kwa sababu mpango wa kampuni ulishachorwa kwa 830, watu wameajiriwa kwa 830, ratiba ya kupata cheti imepangwa kwa 830. Kutoka hapo Lilium hawakuwahi tena kuwa na hela ya kufika mwisho, walikuwa na hela ya kufika mwaka kesho, na kila mwaka wanaenda sokoni kuuza hisa zaidi kwa bei ya chini zaidi. Hisa ilianza kwa dola 10, ikaja kuwa ya senti. Ukiwa unatumia zaidi ya euro milioni 200 kwa mwaka, na hisa yako haina thamani, kila raundi ya kuchangisha inakumaliza wewe mwenyewe. Machi 2022 wale wanaopata faida hisa ya mtu ikishuka bei, Iceberg Research, nao wakaandika ripoti yao, betri tena, umbali tena.

Kilichofuata kinaniuma kidogo kwa sababu hapo ndipo kampuni ilipokuwa siriasi. Agosti 2022 Wiegand anampisha Klaus Roewe, mtu aliyeendesha programu ya A320 pale Airbus. Huyo sio mtu wa video. Majaribio yalishahamishiwa Villacarrillo, kusini mwa Hispania, na huko ndipo ndege ya majaribio Phoenix 2 ikafanikiwa kuhama kutoka kuelea kwenda kuruka kwa bawa, yani kile kitu ambacho kwenye karatasi kilikuwa kigumu kuliko vyote kikafanyika kweli. Honeywell wanatengeneza mifumo ya kuongoza, Denso wanashirikiana nao kwenye mota, Aciturri wa Hispania wanatengeneza mwili na mabawa. Novemba 2023 EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, wanawapa idhini ya kuwa taasisi ya usanifu wa ndege. Hiyo karatasi haigawiwi ovyo.

Na EASA wenyewe waliweka kiwango kikali kuliko wote. Kwa eVTOL za kubeba abiria juu ya miji wanataka uwezekano wa hitilafu ya kuangusha ndege usizidi mara moja kwenye saa bilioni moja za kuruka, sawa na ndege kubwa za abiria. Kiwango kizuri kwa abiria. Kwa kampuni isiyo na mapato maana yake kila boliti ina faili, kila mstari wa programu una ushahidi, na mishahara ya watu elfu moja inaendelea kutoka kila mwisho wa mwezi.

Oda je? Karatasi zilikuwepo nyingi. Azul wa Brazil walitajwa kwa ndege 220. NetJets 150. Ukijumlisha oda, nafasi zilizowekwa na MoU unapata zaidi ya ndege 700. Ila MoU sio hela, hapo nadhani tunaelewana vizuri tu sisi watu wa huku, MoU tumezisaini nyingi. Iliyokuwa na uzito ni ya Saudia, shirika la ndege la Saudi Arabia, ambao Julai 2024 walikwenda mpaka Oberpfaffenhofen kusaini oda ya uhakika ya ndege 50 na nafasi ya kuongeza 50. Saudia walikuwa wanafikiria kusafirisha mahujaji na wageni wa daraja la juu. Miezi mitatu baada ya ile hafla, muuzaji hana hela ya mshahara.

Maana kwenye nusu ya pili ya 2024 hesabu zilikuwa zimeshakataa. Mpango ukawa mkopo wa euro milioni 100 kupitia benki ya serikali KfW, nusu idhaminiwe na serikali kuu, nusu na jimbo la Bavaria. Bavaria wakasema sisi tupo tayari ila Berlin atoe kwanza sehemu yake. Oktoba 2024 kamati ya bajeti ya Bundestag, bunge la Ujerumani, haikukubali. Tarehe 24 Lilium wanatangaza kwamba kampuni tanzu za Ujerumani zinaenda kuomba ufilisi. Novemba 6 serikali ya muungano ya kansela Scholz yenyewe ikavunjika kwa ugomvi wa bajeti, kwa hiyo unaweza kuona hali ya hewa ilikuwaje mjini Berlin, watu waliokuwa hawaelewani kwenye bajeti ya nchi ndo walikuwa wanaombwa wakubaliane kuhusu ndege ya kupaa wima.

Walikosea kukataa? Sidhani. Ule mkopo ungewapa miezi tu. Lilium hawakuwa wameshika mwekezaji mkubwa wa kusimama nao mpaka cheti kitoke, na baada ya cheti kuna kiwanda, na baada ya kiwanda kuna miaka ya kuuza kwa hasara. Hoja ya upande wa pili nayo ni ya kweli, kwamba Marekani na China serikali zinabeba viwanda vyao, na Ufaransa nao walikuwa wanaongea na Lilium kuhusu kiwanda na dhamana. Lakini tazama Joby: Toyota aliweka dola milioni 394 mwaka 2020, na mwezi ule ule wa Oktoba 2024 ambao Lilium wanazama, Toyota anatangaza milioni 500 nyingine. Huo ndo utofauti. Sio serikali, ni kuwa na mtu mmoja mwenye mfuko mrefu na sababu ya kiviwanda ya kubaki. Tencent alikuwa mwanahisa mkubwa na 2023 aliongeza tena, ila Tencent anatengeneza WeChat na magemu, hana haja ya kiwanda cha ndege.

Halafu Desemba, ambayo ndo sehemu mbaya kuliko zote kwa waliokuwa wanafanya kazi pale. Ujerumani kampuni ikifilisika kuna fedha ya umma inayolipa mishahara ya wafanyakazi kwa miezi isiyozidi mitatu. Hesabu: Oktoba, Novemba, Desemba. Kwa hiyo mnunuzi alitakiwa apatikane kabla ya mwaka mpya, ikipita hapo hakuna wa kulipa. Mnunuzi hakuonekana. Siku chache kabla ya Krismasi watu karibu elfu moja wanapewa barua za kuachishwa. Halafu mkesha wa Krismasi, tarehe 24, linatoka tangazo: kundi la wawekezaji linaloitwa Mobile Uplift Corporation limekubali kununua mali za kampuni, zinatajwa euro milioni 200 na zaidi, kazi inaanza tena Januari. Jaribu kuwa injinia uliyepewa barua wiki iliyopita, una ofa kutoka kwingine mezani, na wakubwa wanakupigia wanakwambia rudi. Mamia walirudi.

Hela haikuja. Januari ikapita. Watu wako kazini wanaendelea na ndege za kwanza ambazo zilikuwa zinaunganishwa, mshahara hauonekani, wanaambiwa sehemu kubwa ya fedha ipo njiani. Tarehe 21 Februari 2025 Lilium wanatangaza ufilisi wa pili, na safari hii hapakuwa na mkesha wa Krismasi. CustomCells, wale wa betri, ambao mteja wao mkubwa alikuwa huyo huyo, nao 2025 wakaomba ufilisi. Kampuni nyingine ya Ujerumani ya ndege hizi hizi, Volocopter, ilishaomba Desemba 2024, ila hao wakaokotwa na Diamond Aircraft, na sio bahati tupu: dizaini yao ilikuwa rahisi, pangaboi 18 juu ya kichwa, umbali mfupi, haidai betri ya kimiujiza. Mnunuzi akiitazama anaona kitu kinachoweza kumalizika.

Hapo ndo narudi kwenye hesabu ya eneo la hewa. Mtu anayenunua startapu iliyokufa hanunui ndoto, anauliza imebaki kazi kiasi gani na itagharimu ngapi. Kwa Lilium jibu lilikuwa: mamia ya mamilioni, na hata baada ya hapo bado unahitaji seli ambazo lazima zithibitishwe kwamba zitatoa megawati 2 na ushee zikiwa karibu kuisha, kila siku, maelfu ya mizunguko. Kuna waliosema 2025 kwamba watainunua waifufue. Haikufufuka.

Kwa huku kwetu hii sio stori ya mbali kiasi hicho. Kenya Airways kupitia kampuni yake Fahari Aviation walisaini 2022 na Eve, kampuni iliyotoka Embraer ya Brazil, barua ya nia ya ndege hadi 40. Barua ya nia, sio oda. Eve wana pangaboi nane za kuinulia na moja ya kusukuma nyuma, umbali wanaoahidi ni kilomita 100 tu, na Embraer wanajua kupata cheti kwa sababu ndo kazi yao ya kila siku. Ahadi ndogo, na mimi hilo naliona zuri, japo kwa kilomita 100 usitegemee Nairobi kwenda Mombasa. Na Kigali, Septemba 2025, ilirushwa EH216-S ya EHang wa China, ile isiyo na rubani, kwa maonyesho. Hiyo inabeba watu wawili kwa safari fupi fupi, na cheti cha China inacho toka Oktoba 2023. Wanaoshangilia na wanaobeza wote naona wanauliza lini, wakati swali la kuuliza muuzaji yeyote wa hizi ndege ni nguvu gani inahitajika kutua betri ikiwa imebaki asilimia 15, na nani kapima.

Mali za Lilium zikauzwa kidogo kidogo. Oktoba 2025 Archer ya Marekani wakachukua patent zao, karibu 300, kwa euro milioni 18, yani kama euro elfu 60 kwa patent moja, kutoka kwenye kampuni ambayo ilishameza zaidi ya bilioni. Ndani yake kuna mambo ya umeme wa volteji kubwa, usimamizi wa betri, na zile feni za ndani ya bomba. Archer wenyewe ndege yao, Midnight, inaruka kwa pangaboi 12, zote zipo wazi nje.